Maji Yakijaa Hupwa: Mtu wa Ziwa Alipokwenda Baharini

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zetu, vijana wenzangu: oimore uru. Na kwa wale waliopanda matatu ya alfajiri kutoka Kakamega na Vihiga, mulembe. Nashukuru kualikwa. Nilipoombwa kuzungumza juu ya safari niliuliza, safari ipi? Nikajibiwa, ile ya shanta mgongoni. Basi ni hiyo.

Wengi humu mnanijua kwa kazi. Nafungua injini za boti pale Dunga, ufuo wa Kisumu kwenye Ziwa Victoria, nazifunga tena, na mara nyingi zinawaka. Babangu alikuwa mvuvi, babu yangu mvuvi, na kabla sijajua kuendesha baiskeli nilikuwa najua kusoma upepo wa mchana unavyogeuza maji. Siyasemi haya kujisifu. Nawaandaa kwa aibu itakayofuata.

Nilipofika miaka 34 nilikuwa sijawahi kuiona bahari. Mkenya, mwenye kitambulisho, nchi yangu ina pwani kuanzia Vanga hadi Kiunga, na mimi bahari naijua kwa televisheni. Mombasa nilikuwa naahirisha kila Desemba. Mwishowe bahari yangu ya kwanza nikaionea ugenini, Afrika Kusini, mahali panapoitwa Tsitsikamma. Mnacheka. Chekeni, hata mama yangu alicheka.

Kwa nini Afrika Kusini? Sababu ni mbili na hakuna hata moja ya kishujaa. Ya kwanza, tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza kuingia kule. Unaruhusiwa siku 90 kwa mwaka. Ya pili, nina binamu anayefanya kazi Johannesburg, na binamu ni kitanda cha bure. Hela nilizitoa kwenye chama, zamu yangu ilipofika, na wenzangu wa chama walidhani nanunua plot. Sikuwasahihisha. Mkienda, msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukitoka Kenya wanaitaka, na anayekuuliza pale hana haraka kama wewe.

Sasa shanta. Nilipoipima mara ya kwanza ilikuwa kilo 19. Nilibeba sufuria mbili. Nilibeba pakiti mbili za unga wa ugali, nikaja kukuta kule unga wa mahindi uko kila duka, wanaupika wanauita pap, na wanaula kwa nyama kama sisi. Nilibeba suti ya koti, eti pengine nitaalikwa kanisani. Mama alitaka nibebe na omena waliokaushwa, dagaa wetu wa ziwani. Hapo nilikataa, maana watu wa forodha hawajui harufu ya nyumbani. Baada ya siku tatu kwa binamu shanta ilikuwa kilo 11: hema, mfuko wa kulalia, sufuria moja, koti la mvua, nguo za kubadilisha mara mbili, viatu vya kamba na patipati za bafuni. Hizo patipati mzikumbuke. Suti bado iko Johannesburg, naambiwa binamu ameivaa kwenye harusi mbili.

Kutoka Johannesburg nikapanda basi la usiku hadi Gqeberha, mji ambao zamani mliusoma kwenye ramani kama Port Elizabeth. Ni zaidi ya kilomita elfu moja na sina la kusema juu yake, nililala. Kutoka Gqeberha unafuata barabara kuu ya N2 kuelekea magharibi, mlima ukiwa mkono wa kulia na bahari mkono wa kushoto, lakini bahari yenyewe huioni, imefichwa na mashamba na msitu. Unashushwa karibu na kijiji cha Storms River, kisha kuna zaidi ya kilomita 10 za kushuka hadi mlango wa mto, na matatu hakuna. Nilitembea kidogo, nikapewa lifti na gari la kubeba kuni.

Langoni wanalipisha kwa makundi matatu. Raia wao bei ya chini, raia wa nchi za SADC, ile jumuiya ya kusini mwa Afrika, bei ya kati, na wageni wengine wote bei ya juu. Nikamwambia yule kijana wa langoni, kaka, mimi ni Mwafrika mwenzako. Akaniuliza kwa upole, Kenya iko SADC? Haiko. Tanzania iko. Kongo iko. Yaani jirani yangu wa Mwanza, tunayevua ziwa moja, angelipa kidogo, na mimi nikapangwa foleni moja na Mjerumani. Nililipa. Lakini wale mnaosomea siasa humu, hilo nawaachia.

Tsitsikamma ilitangazwa hifadhi mwaka 1964, na ndiyo hifadhi ya taifa ya baharini ya kwanza Afrika. Malindi na Watamu zetu zilifuata miaka minne baadaye, 1968, kwa hiyo hatuko nyuma sana, ila ni wangapi humu wamefika Watamu? Tangu 2009 imeunganishwa na Wilderness na Knysna ikawa hifadhi moja kubwa inayoitwa Garden Route. Mpaka wake hauishii ufukoni. Unaingia baharini kama kilomita 5, kwa hiyo samaki walioko humo ni wa hifadhi kama swala wa Mara. Jina lenyewe limetokana na lugha ya Wakhoikhoi, na wenyeji hulieleza kuwa ni mahali penye maji mengi.

Na kweli ni mengi. Msiwaze mchanga mweupe na minazi, picha ile ya Diani itoeni kichwani. Hapa nchi inakatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu. Juu kuna msitu mzito wenye miti ya yellowwood. Mmoja uliozungushiwa njia ya mbao kule juu karibu na kijiji una urefu wa mita 36 hivi, nimesimama chini yake shingo ikaniuma. Chini ni majabali, na juu ya majabali ni wimbi. Sisi tunajua mawimbi, ziwa likichafuka boti linapinduka na watu wanafa, sidharau. Lakini wimbi la kule halisubiri upepo. Siku imetulia kabisa, hata jani halitikisiki, na bado linakuja, limetoka mbali ambako huko ndiko kulikuwa na dhoruba, linapiga jabali na povu linaruka juu kuliko paa la ukumbi huu. Usiku wa kwanza ndani ya hema sikulala. Kila lilipopiga nilidhani lori limemwaga kokoto.

Halafu mto. Mto Storms unaingia baharini ukipita kwenye korongo jembamba, na kuna daraja linaloning'inia kwa nyaya, mita 77, unavuka huku linacheza chini ya miguu. Nilipotazama chini nikaona maji meusi. Nikasema, hata hawa wameharibu mto, kiwanda gani hiki? Maana sisi wa Kisumu tukiona maji yamegeuka rangi tunajua kuna mtu amefungulia bomba usiku. Kumbe siyo. Maji yale ni masafi. Yamepita katikati ya mizizi na majani ya vichaka vya mlimani, yakachukua rangi yake, ni sawasawa na majani ya chai kwenye sufuria. Ukichota kwenye kikombe ni chai ya rangi, mlivyoizoea, bila sukari. Yanaposhuka kukutana na bahari ya buluu unaona mstari, kahawia huku, buluu huku, na povu lake ni la rangi ya krimu. Nilikaa pale darajani mpaka watalii wakaniomba niwapishe wapige picha.

Pimbi nao. Wamejaa kambini, wanaota jua kama wazee wa baraza, na wenye elimu wanatuambia huyo ni ndugu wa ndovu. Ndugu wa ndovu alinifungulia mfuko wa mkate nikiwa naoga.

Sasa nifike kwenye aibu.

Siku ya pili niliamka nikiwa na furaha ya mtu aliyelala vibaya mahali pazuri. Saa nne asubuhi nikashuka kwenye majabali. Bahari ilikuwa imesogea mbali, imeacha vidimbwi katikati ya mawe, na ndani ya kila kidimbwi kuna maisha: kiti cha pweza, konokono, kaa wadogo, visamaki vya urefu wa kidole. Nikavua viatu, nikaweka soksi ndani, nikaviacha juu ya jiwe bapa. Nikazunguka zunguka, nikachoka, nikapanda jiwe lingine la juu kidogo, nikajinyoosha. Nilikuwa sijalala usiku, mnakumbuka. Jua lilikuwa zuri. Na moyoni nasema, maji nayajua, mimi mtoto wa Dunga.

Niliamshwa na maji kwenye nyayo. Ilikuwa saa saba na dakika kadhaa. Vile vidimbwi havipo. Jiwe bapa halipo. Njia niliyokuja nayo haipo, ni maji matupu yanachemka, na wimbi lililofuata likanipiga kiunoni. Nilitoka pale kwa mikono na magoti, kama mbuzi, goti likachanika, na nilipofika juu nikageuka kutafuta viatu. Kimoja kilikuwa kimebanwa kwenye ufa wa jiwe. Kingine kimekwenda. Kimoja tu! Afadhali bahari ingechukua vyote, ningejua hasara yangu. Kiatu kimoja unakifanyia nini?

Mama mmoja anayefanya usafi pale kambini alikuwa ananitazama tangu juu. Kizungu chake na changu vilikuwa vya kuokoteza. Akanyoosha kidole baharini akasema: amanzi. Nikalisikia lile neno. Nyinyi Waluhya mnasema amatsi. Waswahili wanasema maji. Mimi Mjaluo kwangu ni pi, lakini hata mimi nilijua ni kitu gani ananionyesha. Halafu akanipeleka kwenye mlango wa ofisi, pale penye ubao, na kwenye ubao kulikuwa kumeandikwa saa. Siyo saa za kula. Saa za maji. Leo yanakupwa saa hii, yanajaa saa hii. Nilikuwa nimepita mbele ya ubao ule mara tatu nikidhani ni ratiba ya ibada.

Jamani, nani humu alifanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi? Inueni mikono. Na nani aliandika kwenye insha "maji yakijaa hupwa"? Mnaona. Mwalimu alitupa methali 40 za kupamba insha, na hiyo ilikuwemo, na mimi niliipamba vizuri nikapata alama. Maana yake tuliambiwa ni kwamba shida huwa na mwisho. Sawa. Lakini hupwa ni nini? Hakuna aliyeuliza, na mwalimu wetu, Mungu amweke, alikuwa mtu wa Ugenya, huku huku bara. Darasa zima la watoto 50, dirishani tunaliona ziwa, tunaandika juu ya maji yanayojaa na kupwa, na maji ya dirishani hayajai wala hayapwi.

Ziwa letu likipanda linapanda kwa mvua, kwa miezi. Mnakumbuka Mei 2020: liliingia nyumba za watu Dunga, Nyamasaria, Nyando, likavunja rekodi ya 1964 kwa kiasi cha unene wa kidole tu. Wakati ule tulikuwa tunachomeka kijiti ukingoni na kusema, leo limekula hatua mbili. Mwaka mzima lilikuwa halijarudi. Bahari inakwenda na kurudi mara mbili kila siku. Ni mwezi unaivuta, jua likisaidia. Kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku ratiba inachelewa kama dakika 50, na ukitegemea saa ya jana umekwisha. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, jua na mwezi wanavuta pamoja, maji yanajaa sana na kupwa sana; watu wa pwani wanaita bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mvutano unapungua, wanaita maji mafu. Usiku ule niliposhindwa kulala mwezi ulikuwa mpevu, nimeuona kabisa juu ya hema, nikausifu. Ulikuwa unaniandalia.

Kwa Kijaluo ziwa ni nam. Bahari nayo ni nam. Neno moja. Ndiyo maana nikaenda pale na heshima ya nam niliyoizoea. Lakini Kiswahili tunachokizungumza hapa kimezaliwa ufukoni, kina kujaa, kina kupwa, kina bamvua na maji mafu, kina pepo za kaskazi na kusi. Tumekipokea huku bara na hayo maneno yote yakiwemo, kama mtu aliyepewa kabati na hajafungua droo za chini. Mimi droo yangu niliifungulia kilomita elfu kadhaa kutoka nyumbani, kwa gharama ya kiatu.

Yule mama akaniletea gambuti kuukuu za mfanyakazi mwenzake. Namba 9, mimi navaa 8. Kwa hizo gambuti ndiyo nikaenda kwenye maporomoko kesho yake, maana patipati zisingeniweza.

Njia yenyewe ni kilomita 3 kwenda, 3 kurudi, na msidanganywe na tarakimu. Nusu ya kwanza ni msituni, kivuli, mizizi, raha. Nusu ya pili ni kuruka jiwe hadi jiwe kandokando ya bahari. Safari hii nilianza kwa kusoma ubao. Mwishoni kuna maporomoko ya maji ya rangi ya chai yanayoangukia kwenye bwawa, na bwawa liko hatua chache kutoka kwenye wimbi. Nilivua gambuti, nikaziweka juu sana, mbali sana, mzungu mmoja akauliza kama naogopa wezi.

Hapo ndipo mtu wa kawaida anageuka. Njia yenyewe inaendelea; ni ile ya Otter, iliyofunguliwa 1968, siku tano, kilomita 45 hivi hadi Nature's Valley. Otter ni fisi maji, yule yule ndugu wa fisi maji wanaotoboa nyavu zetu hapa. Wanaruhusu watu 12 tu kuanza kwa siku, na nafasi zinachukuliwa karibu mwaka mzima kabla, kwa hiyo mimi na gambuti zangu hatukuwa na habari nayo. Lakini nilikutana na kundi lililokuwa linapumzika pale kabla ya kuendelea, wakanieleza siku yao wanayoiogopa: siku ya nne, mto Bloukrans. Hauna daraja kule chini. Lazima ufike mlangoni mwa mto maji yakiwa yamekupwa, ufunge shanta ndani ya mfuko wa plastiki, uvuke ukitembea au ukiogelea. Maji yakikupwa asubuhi mapema, unaamka usiku wa manane na tochi, kwa sababu kambi ya kulala iko kilomita 10 nyuma. Watu wenye mashahada na saa za bei mbaya, wote wanaamshwa na mwezi. Nilipenda sana hilo. Barabara kuu nayo inavuka mto huo huo kwa daraja la mita 216 kwenda juu, na vijana hulipa kurushwa pale kwa kamba ya mpira. Mimi sikuruka. Nina mama.

Kuna jambo moja nataka kulikalia kidogo, kwa sababu nimeona wenyekiti wa BMU, vile vikundi vya kusimamia fuo za wavuvi, wako humu.

Siku ya kuondoka nilikaa kando ya barabara kusubiri basi pamoja na mzee mmoja mwenye fimbo ya kuvulia. Tukaanza mambo ya samaki, na mkiwaweka watu wawili wa samaki pamoja lugha itapatikana. Akaniambia babake alikuwa anavua kwenye majabali yale yale niliyopoteza kiatu. Kisha hifadhi ikaja, masharti yakaongezeka, na kwa miaka mingi mwenyeji hakuruhusiwa kutupa ndoano ndani ya hifadhi. Akaniambia hivi: mtoto anazaliwa anaisikia bahari usiku, na akishika samaki wake ni mwizi. Desemba 2016 serikali ilifungua sehemu tatu za ufuko kwa wenyeji wa karibu, kwa vibali na masharti. Wataalamu wa samaki wengi walipinga. Mzee alisema walichelewa.

Mimi nilikuwa tayari kumuunga mkono moja kwa moja. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena hufungwa hapa, na najua nyumba ambazo miezi hiyo zinakula mara moja. Injini haziji kwangu pia, tumbo langu linafungwa pamoja na la mvuvi. Lakini jioni iliyotangulia nilikuwa nimesoma bango moja pale kambini juu ya samaki mwekundu wanayemwita roman. Huyu anazaliwa jike. Anakua, anataga, na akishakuwa mkubwa anageuka dume. Hahami; jabali lake ni jabali lake, na huishi zaidi ya miaka 15. Sasa fikirini. Mvuvi anataka samaki mkubwa, kila mvuvi anataka mkubwa. Kwa huyu, ukichukua wakubwa umechukua madume wote. Unabaki na mwamba wa wajane. Na kwa kuwa hawahami, hakuna atakayekuja kutoka mbali kuwaoa.

Nikamuuliza mzee kama anajua hilo. Akacheka, akasema analijua kuliko bango. Babake alikuwa anarudisha baadhi ya wakubwa majini. Basi kwa nini babake hakuulizwa? Hapo ndipo nilipobaki na ndipo nilipo mpaka leo. Kufunga maji sikatai. Hapa kwetu sheria inasema mbuta chini ya sentimita 50 arudi, na zaidi ya 85 arudi, na sote tunajua soko la Kibuye linavyoiheshimu sheria hiyo. Ninachokataa ni kufunga maji kama vile watu wa ufukoni ni mawe. Mwenyekiti, unatikisa kichwa, sijui ni ndiyo au ni hapana, tutazungumza kwenye chai.

Nilirudi Kisumu siku ya ishirini na mbili. Jioni hiyo nilishuka Dunga, nikasimama pale nilipozoea kusimama, na nikajikuta natazama ukingo wa maji nikisubiri usogee. Haukusogea. Kijana wangu wa kazi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Na nikatazama upande wa Seme nikakumbuka Ndere. Kisiwa cha Ndere ni hifadhi ya taifa tangu 1986, kilomita za mraba 4 na kidogo, kina swala, kina pundamilia, viboko na mamba wako kandokando, na wazee wanasimulia kwamba babu zetu walipokuja wakifuata mto Nile walipumzika huko. Jina lenyewe ni mahali pa kukutania. Nimetengeneza injini zinazopeleka wageni Ndere tangu nikiwa na miaka 19. Nimewahi kukanyaga? Sijawahi. Nimelipa bei ya Mjerumani kuona pimbi wa watu, na kisiwa changu nakifahamu kwa harufu ya petroli tu. Swali nililoulizwa na binamu kwenye simu, "na huko kwenu mna nini?", nilijibu kwa dakika kumi nikisoma kutoka kwenye kibao cha KWS, shirika letu la wanyamapori.

Basi nimeongea na wenye boti wawili. Jumamosi ya wiki ijayo, saa moja asubuhi kamili, tunaondoka Dunga. Boti moja linabeba watu 12 na maboya ya kuokolea ni 12, kwa hiyo msiniletee mtu wa kumi na tatu, hata akiwa mtoto wa mchungaji. Nauli tutachanga, kiingilio cha hifadhi kila mtu ajilipie, na safari hii sote tunalipa bei ya raia. Upepo wa mchana huanza kusumbua mapema alasiri, kwa hiyo saa sita tunageuza, hata kama hamjashiba. Bebeni maji ya kunywa, kofia na chakula kisichofunguliwa na ngedere.

Na vaeni viatu vya kamba. Mwenye mguu wa kulia namba 8 na hana kiatu, anione baada ya kikao. Ninacho kimoja, kizima kabisa.